Mlezi wa Watoto Nyumbani ni Bosi Wake Mwenyewe: Basi Chama Kinajadiliana na Nani?

Saa saba mchana ndiyo saa pekee ambayo nyumba ile huwa kimya. Watoto sita wamelala kwenye vigodoro sebuleni, mapazia yameshushwa, na mwenye nyumba, mama aliyetoka Uvira, mashariki mwa Kongo, na ambaye sasa ni mkazi wa Marekani, ameketi jikoni akijaza karatasi ya mahudhurio. Kila mstari una jina la mtoto, saa aliyofika, saa aliyoondoka na sahihi ya mzazi. Siku niliyomtembelea, kando ya karatasi hiyo kulikuwa na bahasha iliyotoka chama cha wafanyakazi, na ndani yake kadi ya kujaza. Alinisogezea akaniuliza: "Ndugu yangu, mimi sijaajiriwa na mtu. Nyumba napanga mwenyewe, leseni ina jina langu, wazazi nawatafuta mwenyewe. Hawa watu wa chama wananitakia nini? Nikisaini hapa, ndiyo nimekuwa mfanyakazi wa serikali?"

Swali lake ni la haki, na si lake peke yake. Wanawake wengi wanaozungumza Kiswahili waliofika Marekani kama wakimbizi, kutoka Kongo, Burundi na kwingineko, wameingia katika kazi hii ya kulea watoto nyumbani, kwa sababu haihitaji gari la kwenda kazini alfajiri na humruhusu mama kuwa karibu na watoto wake mwenyewe. Barua za chama huwafikia zikiwa zimeandikwa kwa lugha ya mawakili. Hata Wamarekani wenyewe, wakiwemo wabunge wa majimbo, wamebishana kwa karibu miaka 20 kuhusu jambo hili, na mara nyingi wanaobishana huwa wanazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja. Kwa hiyo ni vyema kuanza na majina.

Mlezi wa nyumbani ni mtu anayelea watoto wa watu wengine nyumbani kwake kwa malipo. Wapo walio na leseni ya jimbo, ambao hukaguliwa na kuwekewa kikomo cha idadi ya watoto. Na wapo wasiolazimika kuwa nayo, yaani ndugu, rafiki au jirani, kama vile bibi anayewalea wajukuu wake binti yake anapokuwa kazini. Ruzuku ya malezi ni fedha ya umma inayomsaidia mzazi wa kipato kidogo kulipia malezi hayo ili aweze kufanya kazi au kusoma. Sehemu kubwa ya fedha hiyo hutoka serikali ya shirikisho chini ya sheria ya mwaka 1990, na inaweza kumhudumia mtoto aliye chini ya miaka 13 ambaye kipato cha familia yake hakizidi asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo. Kipato cha kati ni kile cha familia inayoangukia katikati pale familia zote zinapopangwa kutoka maskini hadi tajiri, ingawa majimbo mengi huweka kikomo cha chini zaidi ya hapo. Mzazi hupewa vocha, anamchagua mlezi amtakaye, anachangia kiasi kidogo, na jimbo linamlipa mlezi kiasi kinachobaki. Uwakilishi wa pamoja, hatimaye, ni utaratibu ambao walezi wanaolipwa kwa ruzuku hiyo huchagua kwa kura chama kimoja kizungumze na jimbo kwa niaba yao wote, na mazungumzo yakifanikiwa huzaa kile ambacho Tanzania huitwa mkataba wa hali bora.

Mkanganyiko wote unatokana na neno mwajiri. Tumezoea kwamba chama cha wafanyakazi hukaa mezani na mwajiri, na mwajiri ni yule anayekupangia saa za kuingia na kutoka na anayeweza kukufukuza. Mama yule wa Uvira hana mtu wa namna hiyo. Mzazi ndiye humchagua na mzazi ndiye humwacha. Lakini jambo moja, ambalo ndilo uhai wa biashara yake, halimo mikononi mwake wala mwa mzazi: bei. Kiasi atakacholipwa kwa mtoto mwenye vocha kimeandikwa kwenye jedwali la jimbo. Hawezi kulipandisha hata kwa senti moja, na akiona halitoshi, njia aliyobaki nayo ni kuwakataa watoto wenye vocha, ambao katika mtaa anaoishi ndio karibu watoto wote.

Wasomaji wa Tanzania wameliona jambo la aina hii kwa macho yao. Hospitali binafsi si ya serikali, madaktari wake hawalipwi na hazina, lakini mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, akitibiwa pale, mfuko ndio unaolipa, na unalipa kwa kitita, yaani orodha ya huduma na bei, ulichokipanga. Machi 2024, kitita kipya kilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo, na aliyezungumza kwa niaba yao alikuwa chama chao, APHFTA. Hakuna aliyedhani kwamba kwa kuzungumza na mfuko kuhusu bei, hospitali hizo zimegeuka kuwa za serikali. Mlezi wa nyumbani mwenye watoto wa vocha yuko katika nafasi inayofanana na hiyo, isipokuwa yeye hana jengo la ghorofa tano wala mwanasheria. Ana sebule na jiko.

Namna jedwali la bei linavyotengenezwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo dhuluma isiyokusudiwa imejificha. Kwa miaka mingi majimbo yamekuwa yakifanya uchunguzi wa bei za soko. Chukua walezi 100 wa eneo moja, wapange kuanzia wa bei nafuu hadi wa bei ghali, kisha tazama bei ya yule wa 75. Hicho ndicho kipimo ambacho serikali ya shirikisho imekuwa ikikipendekeza, kwa hoja kwamba mzazi mwenye vocha ataweza kuwafikia walezi 75 kati ya hao 100. Ni pendekezo, na majimbo mengi yamelipa chini yake. Ila hata jimbo linalolifuata kwa uaminifu huangukia kwenye mtego. Katika mtaa wa watu wa kipato kidogo, mlezi hawezi kudai zaidi ya kile mzazi alicho nacho mfukoni, hivyo huweka bei ya chini na kufidia pengo kwa saa zake na afya yake. Mchunguzi anakuja, anaiandika bei ile, na bei iliyozaliwa na umaskini wa wateja inarudi kwenye jedwali la serikali ikiwa imeitwa thamani ya kazi. Mwaka unaofuata mlezi analipwa kwa jedwali hilo, na bei yake inazidi kuganda. Sheria ya ruzuku ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2014, majimbo yaliruhusiwa kutumia njia nyingine, ya kupiga hesabu ya gharama halisi ya kumlea mtoto badala ya kuuliza soko linasemaje. Kwa maoni yangu, hilo ndilo badiliko lenye maana kuliko yote katika suala hili, na ni aina ya jambo ambalo mlezi mmoja mmoja hawezi kulisukuma akiwa jikoni kwake.

Kisha kuna karatasi ya mahudhurio. Katika majimbo mengi malipo yamekuwa yakifuata siku ambazo mtoto alifika. Mtoto akiugua siku nne, mlezi hupoteza malipo ya siku hizo, au hulipwa kwa idadi ndogo tu ya siku zilizoruhusiwa, ilhali kodi ya nyumba haipungui na nafasi ya mtoto yule hawezi kumpa mwingine. Linganisha na shule: hakuna mzazi anayedai arudishiwe ada ya wiki ambayo mtoto wake alilala na malaria. Mama yule alinionyesha mstari mmoja ambao haukuwa na sahihi ya jioni. Mzazi alikuwa amekimbilia basi. Akauwekea alama ya kalamu nyekundu, akabandika kikaratasi mlangoni ili asisahau kumdai sahihi hiyo kesho yake, kwa sababu bila ya hiyo siku nzima ya kazi ingeweza kuhesabiwa kama haikuwepo. Mambo haya madogo madogo, siku za kutokuwepo, malipo yanayochelewa, na nani wa kumlalamikia hesabu zinapokosewa, ndiyo hasa yanayojaza kurasa za mikataba.

Mtu atauliza: kwa nini walezi wasijiunge tu na kujadiliana, bila sheria maalumu? Kwa sababu sheria mbili za zamani zimewabana katikati. Sheria ya mahusiano kazini ya mwaka 1935, ambayo ndiyo msingi wa vyama vya wafanyakazi katika sekta binafsi Marekani, inawalinda waajiriwa, na tangu marekebisho ya mwaka 1947 inawaondoa waziwazi watu wanaojiajiri. Upande wa pili iko sheria ya ushindani ya mwaka 1890, inayokataza wafanyabiashara kukubaliana bei. Wenye mabucha wa mtaa mmoja wakikutana usiku na kuamua kwamba kuanzia kesho kilo haitauzwa chini ya kiasi fulani, wamevunja sheria. Mlezi wa nyumbani, kwa kuwa mbele ya sheria ni mfanyabiashara, akikubaliana na wenzake kudai bei moja anaweza kuhesabiwa kama wale wenye mabucha. Hivyo anakosa ngao ya mwajiriwa na papo hapo anabebeshwa mzigo wa mfanyabiashara. Njia ya kutokea ni moja: jimbo lenyewe litunge utaratibu na kuusimamia, kwa kuwa mahakama za Marekani zimekubali tangu mwaka 1943 kwamba sheria ya ushindani haikatazi jambo ambalo jimbo limeliamua kama sera yake.

Jimbo la Washington, lile la kaskazini-magharibi lenye mji wa Seattle, linatoa mfano mzuri wa jinsi utaratibu huo unavyoandikwa. Sheria yake ya mwaka 2006 inasema kwamba, kwa ajili ya majadiliano ya pamoja tu, gavana atahesabiwa kuwa mwajiri na walezi watahesabiwa kuwa waajiriwa wa umma. Maneno "kwa ajili ya majadiliano tu" ndiyo yanayobeba uzito wote. Kwa kila jambo lingine mlezi anabaki alivyokuwa: hana pensheni ya mtumishi wa umma, hana cheo, hana ofisi. Mzazi anabaki na haki yake kamili ya kumchagua mlezi na kumwacha. Walezi hawana haki ya kugoma. Mazungumzo yakikwama, mambo hupelekwa kwa msuluhishi na kisha kwa mwamuzi. Na makubaliano yakipatikana, gavana huomba fedha kwa bunge la jimbo, ambalo huweza kuyakubali au kuyakataa yote kwa ujumla wake, bila kuchambua kipengele kimoja kimoja. Nilimjibu mama yule kwa kifungu hiki: hapana, hungekuwa mfanyakazi wa serikali. Ungekuwa mtu ambaye serikali imekubali kuzungumza naye.

Jimbo la kwanza kufika huko lilikuwa Illinois. Mapema mwaka 2005 Gavana Rod Blagojevich alitoa amri, walezi wakapiga kura, na SEIU, chama cha wafanyakazi wa sekta ya huduma, kikapata haki ya kuwawakilisha walezi karibu 49,000. Mengine yakafuata kwa kasi, na vyama vilivyochaguliwa vilikuwa vya kila aina. Katika Jiji la New York, kwa mfano, walezi wa nyumbani wanawakilishwa na chama cha walimu. Lakini majimbo mengi yalianza kwa amri ya gavana, na amri ya gavana ina umri wa gavana. Wisconsin na Michigan zilikuwa na utaratibu huu kuanzia mwaka 2006. Baada ya magavana wapya kuingia madarakani mwaka 2011, ukaondolewa katika majimbo yote mawili. Minnesota, mahakama ilibatilisha amri ya gavana mwaka 2012, bunge likatunga sheria mwaka uliofuata, na kura ilipofika mwaka 2016 walezi wenyewe wakakikataa chama. California ilichukua njia ndefu zaidi. Gavana Jerry Brown alikataa kusaini muswada wa namna hiyo mwaka 2011. Gavana Gavin Newsom akausaini mwingine mwaka 2019. Katika kura iliyohesabiwa Julai 2020, asilimia 97 ya waliopiga kura walikubali kuwakilishwa na muungano uitwao Child Care Providers United, na mkataba wa kwanza ukapatikana mwaka 2021. Mkataba wa mwaka 2023 uliongeza viwango vya malipo na kutenga dola milioni 80 kwa mfuko wa kustaafu wa walezi, watu ambao hadi hapo kuzeeka kwao hakukuwa kumeandikwa katika bajeti ya mtu yeyote.

Kisa cha Michigan kinafaa kukumbukwa na wale wanaoutetea utaratibu huu, nami nikiwa mmoja wao. Kura ya kukichagua chama ilipigwa kwa posta na sehemu ndogo tu ya walezi wote. Waliokubali walikuwa wengi miongoni mwa waliopiga kura, na sheria haikudai zaidi. Baadaye walezi wengine, wakiwemo mabibi waliowalea wajukuu wao, waligundua kwamba malipo yao yana makato ya chama ambacho hawakukumbuka kukisikia. Hasira yao ilikuwa ya kweli, na waliouchukia utaratibu mzima hawakukosa kuitumia.

Makato hayo yanatufikisha kwenye uvumi unaorudiwa zaidi: kwamba chama kikishinda, kila mlezi lazima akilipe. Ilikuwa kweli katika baadhi ya majimbo, na sasa si kweli popote. Tanzania na Kenya zinaitambua ada ya uwakala, ambayo hukatwa kwa mfanyakazi asiye mwanachama kwa kuwa naye hunufaika na mkataba uliopiganiwa na chama. Walimu wa Tanzania wanaijua vizuri. Mnamo tarehe 30 Juni 2014, katika kesi ya Harris dhidi ya Quinn iliyotoka Illinois, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba ada ya namna hiyo haiwezi kulazimishwa kwa watu wanaowahudumia wagonjwa na walemavu majumbani kwa fedha za umma, kwa kuwa si watumishi wa umma kamili. Walezi wa watoto wako katika hali hiyo hiyo, na hukumu ikawagusa. Miaka minne baadaye, katika kesi ya Janus, mahakama hiyo iliwaondolea ada hiyo hata watumishi wa umma wenyewe. Leo mlezi anayelipa ni yule aliyechagua kulipa.

Kilichobaki ni kwamba chama kilichoshinda kinazungumza kwa niaba ya wote, wanachama na wasio wanachama. Baadhi ya walezi wa Massachusetts walipinga hata hilo, wakisema wanasemewa na mtu wasiyemtuma. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwakatalia mwaka 2016, kwa hoja kwamba mlezi asiyekitaka chama anabaki huru kusema lake, kuandika barua kwa mbunge wake na hata kukipinga chama hadharani. Jimbo limechagua tu ni nani litamsikiliza mezani. Naona hoja hiyo ni sahihi, ingawa namwelewa anayeumia kuona jina lake limo katika orodha ambayo hakuomba kuingia.

Uvumi mwingine ni kwamba wazazi wataongezewa gharama. Mchango wa mzazi mwenye vocha hupangwa na jimbo kulingana na kipato chake, na mzazi anayelipa bila vocha hahusiki kabisa na mkataba. Hofu iliyo na mashiko zaidi ni nyingine, na watetezi wa vyama huizungumza kwa sauti ya chini mno. Fungu la ruzuku lina ukubwa wake. Bunge la jimbo likipandisha bei bila kuongeza fungu, fedha ile ile itawahudumia watoto wachache, na familia zilizo kwenye foleni zitaendelea kusubiri. Chama hakiwezi kuchapisha fedha. Kinachoweza kufanya ni kulipeleka suala hilo bungeni kikiwa na maelfu ya watu nyuma yake, na wabunge wakaona kwamba foleni na bei duni zinatoka kwenye tundu moja. Wakati mwingine kinafanikiwa. Lakini mlezi anayeambiwa kwamba kusaini kadi ni sawa na kupandishiwa malipo anadanganywa.

Na kadi yenyewe? Zipo mbili, na watu wengi hawajui tofauti. Moja husema tu kwamba ungependa kura ipigwe, au kwamba unataka chama fulani kikuwakilishe. Hiyo haikukati chochote. Nyingine ni ya uanachama, inayoruhusu ada ikatwe kwenye malipo ya ruzuku kila mwezi, na nyingi za aina hiyo zina sharti la kujitoa katika siku chache tu za mwaka. Nilimsomea mama yule kadi yake neno kwa neno, hadi maandishi madogo ya chini. Ilikuwa ya pili. Aliniuliza ni kiasi gani kwa mwezi, siku za kujitoa ni zipi, na kama mkutano wa chama utakuwa na mkalimani wa Kiswahili. La kwanza na la pili yalikuwemo kwenye kadi. La tatu halikuwemo. Aliandika swali hilo nyuma ya bahasha pamoja na namba ya simu ya chama, akaibandika chini ya karatasi ya mahudhurio, kisha mtoto mmoja akaamka akamwita, akaenda.